Ua la Mama Yohana na chupa ya mafuta

Jamani, leo nimemkosea mke wangu, Mama Yohana.

Alikuwa ameweka tawi la ua la mama yake kwenye chupa ya maji, dirishani. Mizizi imeshatoka, kesho alipande.

Mimi nikataka kwenda Dongobesh kununua mafuta ya taa, na chupa tunayo hiyo moja. Nikalitoa tawi, nikaliacha dirishani, nikaenda na chupa.

Kurudi, limelegea. Nikamimina mafuta kwenye taa harakaharaka, nikatia maji, nikalirudisha.

Mama Yohana akaja, akanusa.

"Baba Yohana, mbona ua langu linanuka koroboi?"

Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi.

Haya, nichekeni. Ila Jumamosi asubuhi naenda Maretadu kwa mama mkwe. Nitampa shikamoo, nimweleze mwenyewe, ndipo niombe tawi lingine.