Jinsi Tulivyofundishwa Kumwandika Mtu

Enzi zetu, katika shule yetu iliyokuwa karibu na soko la Matete, Ijumaa ilikuwa siku ya kumwandika mtu. Wenzangu mliosomea madarasa ya udongo mtanielewa. Kuta tulizisiriba wenyewe kwa matope na kinyesi cha ng'ombe, madawati tuliyakalia kwa kubanana, na harufu ya miwa iliyochomwa iliingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Mvua ya mawe ya alasiri ilipopiga mabati, Mwalimu Khasandi alinyamaza na kutuangalia tu. Ikishapungua, alijipangusa chaki kwenye sweta yake na kusema, "Haya, nileteeni mtu."

Alitaka kila mmoja amwandike mtu wa kijijini bila kumtaja jina. Kisha aliisoma insha mbele ya darasa, nasi tukakisia ni nani. Darasa likimtambua, umefaulu. Darasa likikaa kimya, unarudishiwa karatasi yako na kuambiwa uandike upya wakati wenzako wanacheza mpira wa kati.

Mimi niliandika upya mara nyingi. Nilikuwa nimekariri madoido, kama sisi sote: jua lilikuwa likiwaka, ndege walikuwa wakiimba kwa furaha mitini. Mwalimu Khasandi aliniita mezani.

"Ndege gani?"

Nikatazama karatasi: niliandika 'ndege' tu.

"Ulimwona?"

Nikasema sikumwona.

"Basi mtoe."

Alikuwa mkali, lakini hakuwa na fimbo. Fimbo yake ilikuwa kalamu nyekundu. Alituambia tuangalie kwanza, tuandike baadaye, kisha tusome kwa sauti, na pale ulimi unapokwama tupige mstari na kuanza tena. Neno ambalo ukiliondoa mtu anabaki vilevile, aliliondoa bila huruma. Insha ya ukurasa mzima ilirudi ikiwa na mistari michache iliyopona, na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa mizuri.

Bingwa wa Ijumaa alikuwa kaka yangu Ambani. Alinitangulia kuzaliwa, lakini tulikuwa darasa moja kwa sababu mguu ulimweka nyumbani muda mrefu. Trekta za miwa zilipokuwa zikipanda mlima kwa taabu, watoto wote wa kwetu tulikimbilia trela na kuchomoa miwa. Siku moja Ambani alishika muwa, muwa ukakataa kutoka, naye akakataa kuuachilia. Trela likamburuta mbele ya macho yetu. Tangu siku hiyo alichechemea, na nadhani ndiyo maana alijua kuangalia watu: alikuwa akikaa pembeni sisi tukikimbia.

Alimwandika mwenye kinu cha kusaga mahindi hivi: "Mtu huyu nyusi zake huzeeka mchana, jioni akinawa zinarudi ujana." Hata kabla mwalimu hajamaliza, darasa zima lilikuwa likipiga kelele za jina la yule mzee. Nilimwonea wivu.

Nyumbani tulisoma insha zetu jikoni huku mama akisonga obusuma, ugali wetu. Mama hakwenda shule, lakini sikio lake lilikuwa kali kuliko letu. Tukileta maneno makubwa alikuwa akisema, "Hapo sasa umeongea kama redio," na tulijua pa kufuta. Baada ya hapo tulipewa mboga ya mrenda, tukala kwa mikono, moshi ukitutoa machozi.

Ile tabia haikuniacha. Mpaka leo, nikiwa Shirere ninakopangisha wanafunzi vyumba, sinywi chai ya asubuhi kabla sijaandika ukurasa wa kitu nilichoona jana. Wapangaji wangu wananicheka. Nao nawacheka, maana kijana wa chuo anaweza kuniletea ujumbe mzima kwamba maji yamekatika bila kutumia irabu hata moja, kisha ananiuliza kwa nini nimechelewa kumjibu. Nilikuwa nikidhani ni mzaha tu wa vizazi.

Halafu mwaka huu Ambani akafa. Kifua kilimlaza wiki chache, akaenda. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisa. Ni mzee sana sasa, macho yamepofuka. Alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye unajuanga kuandika. Mwandike mtoto wangu vizuri. Mimi simwoni tena. Nataka nimsikie."

Niliandika. Nilianza na "alikuwa mtu wa watu", nikafuta, kwa sababu siku hizi kila anayekufa Kakamega alikuwa mtu wa watu. Niliandika kwamba alipalilia miwa akiwa amepiga goti moja, kwa sababu ya mguu, na suruali zake zote zilitoboka goti la kulia. Kwamba alimwita kila mtoto "mzee". Kwamba hakuweza kumpita mbuzi aliyenaswa na kamba yake bila kumfungua, hata akiwa amechelewa kanisani, na akifika kanisani hakuimba, alifunga midomo akatazama dirishani, kwa sababu alisema sauti yake ingemfukuza pasta. Nilisoma kwa sauti peke yangu, ulimi ukakwama mara nyingi, na si kwa makosa ya uandishi.

Nilipoipeleka karatasi yangu kwa kamati ya mazishi nikaambiwa kitabu cha mazishi kimeshachapwa mjini. Wasifu ulikuwa umeshughulikiwa na Brian, mwanawe Ambani. Nikamtafuta nyuma ya nyumba.

"Senje, shangazi yangu, pole," alisema. "Nilijaribu. Nikianza kuandika naona giza tu. Wale wa saiba wanaochapa vitabu walikuwa na wasifu wa mtu mwingine tayari, umekaa tu kwa kompyuta yao. Nikabadilisha majina."

"Uliusoma wote?"

"Niliangalia majina."

Macho yake yalikuwa mekundu, ningemkaripia vipi? Nikamwomba mshereheshaji anipe dakika chache nisome yangu. Alikubali. Ila Jumamosi, siku ya mazishi, waheshimiwa walikuja, na waheshimiwa wakipewa kipaza sauti kwetu hawakirudishi haraka. Waliongea juu ya barabara, juu ya bei ya miwa, juu ya wapinzani wao. Mwisho mshereheshaji akanijia akinong'ona, "Mama, tuko nyuma sana, na kila kitu kiko kwa kitabu."

Brian akasimama kusoma. Alisoma vizuri, sauti imetulia, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alipenda sana kandanda na alikuwa nguzo ya kwaya. Alisita. Nilimwona akiinua macho, akatutazama, akaendelea. Angefanya nini? Watu waliitikia "Amina". Na kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, kwaya ikasimama kumwimbia marehemu wimbo alioupenda. Waliimba wote, hata majirani waliomwona Ambani akichechemea miaka yote hiyo. Hakuna aliyeshtuka. Tumezoea. Tunazikana kwa maneno yaleyale kila Jumamosi, na sikio limekufa kabla yetu.

Mama alikuwa kiti cha mbele, kichwa ameinamisha upande, kama anayengoja mtu aingie. Jeneza lilipoinuliwa nikamshika mkono ili asimame. Hakusimama.

"Huyo wamesoma ni wa nani?" akaniuliza. "Wangu atasomwa saa ngapi?"

Karatasi yangu ilikuwa mkononi. Wabebaji walikuwa wamefika kaburini na pasta ameshaanza sala. Nilimwambia twende, mama, na akaja.

Jioni ile, watu walipoondoka, nilijaribu kumsomea. Alinizuia baada ya sentensi ya kwanza. Alisema nimemletea mwanawe baada ya kumfunika, na kwamba watu ndio waliotakiwa kusikia, si yeye peke yake. Nilikunja karatasi.

Tulipokuwa wadogo hatukuwa na picha. Ukitaka mtu akumbukwe, ilibidi utafute maneno yake, na mwalimu mmoja mwenye sweta ya chaki alihakikisha tunayatafuta. Leo picha ni tele. Ile ya Ambani kwenye kitabu cha mazishi ni safi, ya rangi, anacheka, hata pengo la jino linaonekana. Mama amekiweka kwenye meza ya sebuleni ingawa haoni. Mgeni akija anamkabidhi, na mgeni akianza kusoma kwa sauti, mama anaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Angalia picha tu," anamwambia. "Hayo maneno ni ya mtoto wa mtu mwingine."