Honi ya Mkwe Wangu

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mama mzazi wa mkwe wangu, anayeuza vyungu kule Lyulilo. Siyaandiki. Atakayesoma asome kilichotendeka.

Kwetu mke wa mwanao na baba mkwe wake hawaonani. Mke akimsikia mzee anakuja, anaondoka njiani, anajificha. Hamtaji jina, hamsemeshi. Akiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Siku hizi wengi wameacha. Mume wangu hakuacha, na pikapu yake ilimsaidia. Kila akirudi shambani, akifika darajani, anapiga honi mara mbili. Mkwe wangu anaacha wali motoni, anakwenda nyuma ya jiko.

Honi ile ilinichoma. Mimi nilipoolewa, baba mkwe wangu alitembea peku, humsikii. Siku moja nilijitupa kwenye mfereji wa mpunga, mtoto yuko mgongoni, nikalala kwenye tope mpaka apite. Mtoto akanywa maji yale. Hakuna aliyenipigia honi. Na huyu mume wangu, miaka yote hiyo, hata kukohoa mlangoni hajanikoholea. Leo huyu mkwe wangu, binti wa wafinyanzi, aliyekuja na kapu la dagaa, anapigiwa honi kama mkuu wa wilaya.

Ijumaa moja, mume wangu akiwa kwenye kikao cha kanisa na binti yuko kisimani, nikafungua boneti. Nimemshikia spana miaka mingi, honi ilipo napajua. Nikachomoa waya wake, nikauacha unaning'inia.

Jumamosi akaenda Ngonga kuchukua mpunga. Masikio yake yamekwisha, na injini ile inanguruma kama mashine ya kukoboa. Alipofika darajani akabonyeza, akadhani imelia. Mkwe wangu alikuwa uani anaosha nywele, kanga kifuani, povu machoni. Alipofumbua macho, baba mkwe huyo hapo mbele yake, mkono uko kwenye mlango wa gari.

Mume wangu hakula siku ile.

"Honi nimepiga," akaniambia. "Kasikia, akakaa. Ananidharau."

Jikoni binti analia. "Mama, haikulia. Naapa haikulia."

Nikalipeleka neno hilo. Mume wangu akafikiri. "Kesho fundi aje aipime. Ikilia, huyu arudi kwao. Ikiwa mbovu, kosa ni langu, nitamwomba radhi."

Radhi! Mimi sijaombwa radhi tangu niingie nyumba ile. Alipokwenda kuoga, nikaurudisha waya mahali pake. Nikajua kesho itapiga kelele na mambo yatakwisha.

Baada ya ibada fundi akaja kutoka Ipyana. "Mugonile, bibi," akanisalimu kwa heshima. Mume wangu akakaa kwenye kigoda karibu na gari. Mkwe wangu yuko nyuma ya ukuta wa jiko, anasikia, haonekani.

Fundi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Nyuma ya jiko nikasikia mtu anashusha pumzi.

Fundi akachukua waya wake mwenyewe, akautoa kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye honi. Ikalia, kuku wakaruka.

"Honi nzima hii. Tuone fyuzi." Akainama chini ya usukani, akachomoa kitu kidogo, akakiinua juani. "Imeungua." Akaweka nyingine, akabonyeza, ikalia vizuri kabisa. "Mzee, hata ungebonyeza kwa ngumi jana isingelia."

Mume wangu akainua uso. Nilimwona anatafuta maneno ya kuomba radhi. Midomo ilikwishaanza kucheza.

Lakini fundi yule naye ana mdomo. "Ila fyuzi haiungui bure. Kuna waya wenye moto umegusa bodi." Akaingiza kichwa kwenye boneti. "Huu hapa. Kutu imekwanguka. Umechomolewa, halafu ukarudishwa. Nani kashika humu?"

Akanitazama vidole. Nikaviingiza ndani ya kanga.

"Gari hili linaoshwa na nani?" nikauliza.

Wote tulijua. Mkwe wangu aliliosha kila wiki, bila kuambiwa.

Mume wangu akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Nenda kamuulize."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa chini, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Akaninong'oneza, "Mama, mwambie baba sijagusa. Naosha nje tu, boneti hata kuifungua sijui. Mwambie, mama."

"Nitamwambia."

Nikarudi uani.

"Kasemaje?"

"Hasemi kitu. Amenigeuzia mgongo."

Ukuta wa jiko letu ni mianzi na udongo, ukijikuna huku unasikika kule. Alisikia. Neno moja tu angepaza, fundi yupo, mume wangu yupo. Hakupaza. Nami nilijua hatapaza, kwa sababu mila ile nilimfundisha mimi.

Fundi akafunga boneti taratibu. "Bibi, hiyo mkononi ni grisi?"

"Masizi ya sufuria."

"Haya," akasema, akakusanya spana zake.

Jumatatu binti akaondoka na kapu lile lile alilokuja nalo. Mwanangu anafanya kazi Mbeya. Aliporudi mwisho wa mwezi baba yake akamweleza. Hakubishana. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, maneno yake uliyafikisha yote?"

"Yote."

Akanitazama, akachukua begi ambalo hakuwa amelifungua, akamfuata mkewe Lyulilo. Hajarudi. Nasikia wana mtoto. Jina lake nimeambiwa na muuza samaki.

Mume wangu bado anapiga honi darajani, mara mbili. Nilimuuliza anampigia nani. "Mkono umezoea," akasema. Inalia vizuri kuliko zamani. Ikilia, jikoni nimo mimi peke yangu, na mimi sitakiwi kuondoka.