Warusi na Wamarekani wa Ndiva Yetu

Msaragambo wa kwetu, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji, milimani juu ya Maore, unaanza kwa kusalimiana. Shikamoo hapa, marahaba pale, za watoto, za mifugo, na jua linazidi kupanda. Mimi mwalimu wa historia sina subira hiyo, na siku ile nilikuwa na sababu. Ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ilikuwa imejaa tope. Zamu ya mama yangu ya kumwagilia ilikuwa jioni ileile, na maharage yake yalikuwa kwenye maua huku majani yamelegea. Akiikosa, ndiyo basi, hana mavuno.

"Jamani, hii kazi au harusi?" nikafoka.

Wakacheka. "Tufundishe basi, mwalimu," akasema jirani mmoja, ameegemea jembe lake.

Loo, alinichokoza penyewe! Nikapanda ukingoni nikawapa somo ninalolipenda kuliko yote. Nikawaeleza Warusi walivyotangulia kurusha chombo kidogo kikaizunguka dunia kikilia pii, pii, na Wamarekani wakakosa usingizi kwa aibu. Warusi wakapeleka mbwa. Wakapeleka mtu. Wakapeleka na mwanamke! Akina mama wakapiga vigelegele. Wamarekani nao wakaapa kwamba, liwalo na liwe, mwezini watatangulia wao, na kweli wakatangulia.

"Walifichana kila kitu," nikasema. "Warusi hata jina la mhandisi wao mkuu walilificha. Lakini bila ule ushindani, nani angekimbia vile?"

"Sisi Warusi!" wakapaza sauti watu wa kitongoji cha juu.

"Haya, sisi mwezini!" wakajibu wa chini.

Kamba ikavutwa katikati ya ndiva. Warusi wakachukua upande maji yanakoingilia, Wamarekani upande wenye tundu la kutolea maji.

Weee! Sijawahi kuona kazi kama ile. Makarai yalipita mkono kwa mkono, tope likaruka mpaka kwenye nywele. "Mrusi, umechoka?" "Nimechoka kukusubiri wewe!" Mama, Mmarekani wa siku ile, alipokea makarai akicheka mpaka kanga ikamlegea kiunoni, na mimi moyo ulinidunda kwa furaha. Pande zote mbili zikamaliza, kila moja ikajitangazia ushindi, na mwenyekiti wa kijiji akaamuru maji yafunguliwe.

Maji yakaingia. Upande wa Urusi ukajaa. Upande wa Marekani ukabaki mkavu.

Tukatazamana. Chini ya kamba, ukingo hadi ukingo, lilikuwa limebaki tuta la tope. Kila upande ulichimba ukaishia karibu na kamba, kwa kudhani tope la chini ya kamba ni la wale wengine.

"Hilo lenu!"

"Lenu nyinyi!"

Mama alikuwa amesimama karibu na tundu, kicheko kimemwisha. Nilipomwona nikapandwa na hasira.

"Mnajua wale waliishia wapi?" nikapayuka. "Waliunganisha vyombo vyao hukohuko angani, Mrusi na Mmarekani wakapeana mikono! Nyinyi mnashindwa na tope?"

Mama akaliendea lile tuta na kuanza kulichimba kwa mikono. Jirani yule wa jembe, Mrusi, akarukia upande wa pili.

"Mama, toka, niachie mimi."

"Sitoki. Wewe chimba huko, mimi huku."

Hapo ndipo wote walipojitosa, na kamba ikakanyagwa humohumo topeni. Tuta likapasuka, maji yakaja kwa kishindo, yakamkalisha mama chini pwaa! Jirani akamshika mkono akamnyanyua. "Pole, mama, pole sana."

"Wamepeana mikono!" mtu akapiga kelele, na ndiva nzima ikalipuka kwa makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Jioni maji yakafika shambani. Mama alisimama katikati ya maharage, miguu peku, maji yakimpita vifundoni.

"Mwanangu, wale wa kule angani, walipokutana walisema nini?"

"Walisalimiana, mama. Kila mmoja alijitahidi kwa lugha ya mwenzake."

Mama akaguna. "Kumbe nao husalimiana kwanza," akasema. "Na wewe asubuhi ulitufokea."