Koki zilizowashibisha paka wa Phan Thiết

Jua la asubuhi limekwisha kuingia karakanani mjini Phan Thiết, Vietnam, lakini leo Lương Thị Thắm hajawasha mashine yake ya kukereza vyuma. Ameketi akitazama chupa tatu za kioo zenye midomo mipana, zilizopangwa dirishani. Kahawa yake imepoa bila kuguswa.

Ndani ya kila chupa kuna koki ndogo ya chuma kisichoshika kutu, aliyoichonga mwenyewe. Zimelowa humo tangu mvua zilipoanza. Leo Diễm, mwenye mapipa ya mchuzi wa samaki unaochachishwa kwa chumvi nyuma ya soko, anakuja kuzitoa kwa mkono wake. Akiridhika, Thắm atachonga koki za mapipa yake yote. Asiporidhika, kazi inakwenda karakana ya ng'ambo ya mto.

Thắm, mwenye umri wa miaka 46, anakereza vyuma tangu usichana wake. Kama wakereza wengi, alikuwa na kipenzi chake: chuma kinachotiwa salfa kidogo kiwandani ili kikatike kwa urahisi. Chembe zake hudondoka kama makombo ya biskuti. Kisichotiwa salfa hutoa nyuzi ndefu zinazojisokota na kukata vidole.

"Kile cha salfa ukikishika hutaki kukiacha," anasema. "Unakata huku unaimba. Koki kumi kwa siku, na jioni bado una nguvu za kupika."

Basi mwaka juzi akamchongea Diễm koki za chuma hicho. Ziling'aa mpaka Diễm akazifanya kioo cha kutengenezea nywele. Mwaka haukuisha, zikaanza kutoboka vitundu vya kupitisha sindano.

Wa kwanza kujua walikuwa paka. Walijaa ghalani wakilamba sakafu, na mchuzi wa dagaa uliotunzwa pipani miezi na miezi ukaishia matumboni mwao. Diễm alibeba koki moja hadi karakanani, akaiweka mezani bila salamu. Salamu ile iliyokosekana ilimuuma Thắm kuliko tusi.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, mteja wake wa zamani, aliipasua koki ile na kumwonyesha kwa lenzi. Kila penye chembe ya salfa, chumvi ya mchuzi ilikuwa imepata mlango. Chembe ililika, pakabaki kishimo, na majimaji yaliyotuama humo yakageuka makali kuliko mchuzi wenyewe, yakazidi kuchimba. Kwa nje koki ilikuwa bado inang'aa.

Thắm angeweza kumpelekea Diễm maelezo hayo, lakini alimjua. Diễm haamini mpaka ashike. Ndipo akazipanga chupa zile: ya kwanza chuma cha salfa katika maji ya mvua, ya pili chuma hicho hicho katika mchuzi, na ya tatu, pia katika mchuzi, chuma kile kisumbufu kisichotiwa salfa.

Diễm anafika, anavua kofia yake ya ukindu na kutumbukiza mkono. Koki ya kwanza ni kama mpya. Ya pili ina vidoa vyeusi. Anachokoa kimoja kwa pini ya nywele, na ncha inazama. Ya tatu anaipeleka mlangoni kwenye mwanga, anachokoa kila kona. Pini inateleza tu.

"Hii ndiyo inayokutesa?" anauliza.

"Inanitesa, dada. Nikijitahidi ni tatu kwa siku, na vidole vyangu unaviona."

"Basi teseka, mdogo wangu. Mimi nimechoka kulisha paka."

Thắm anacheka mpaka anashika meza. Kisha anawasha mashine, na chuma kisumbufu kinaanza kupiga kelele zake. Akimaliza mapipa ya Diễm, anasema, atawafuata wateja wote aliowauzia koki za salfa, awabadilishie kabla ya sikukuu ya mwaka mpya ya Tết, kabla hata hawajaanza kulalamika.

Na mwakani? Anafikiri kidogo, akiondoa uzi wa chuma ulionasa kwenye mkono wa shati lake.

"Mwakani nataka nipite ghalani kwa Dada Diễm," anasema, "niwakute paka wamekonda."