Blogu Tuliyomfungulia Mjomba

Jumapili iliyopita nilikuwa Kawangware kwa Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, nikimmenyea viazi mlangoni. Hata sijafika mbali akaniuliza lile swali lake la kila Jumapili: "Ile kitu ya kompyuta, umeshabadilisha?" Nikamwambia bado. Akasema sawa, akageukia jiko lake. Afadhali angenitukana, rafiki yangu, kuliko hiyo sawa yake.

Ile kitu ni blogu. Niliifungua nikiwa darasa la saba, tulipokuwa tukikaa mtaa wa Laini Saba, na ukiitafuta leo kwenye simu utaikuta bado imesimama, samawati na njano za kuumiza macho. Juu kabisa kuna mstari wa maneno unaotembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kupumzika. Huo mstari ndio unaoninyima raha, na huwezi kunielewa nisipokurudisha nyumbani kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mabati, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilipigana kabatini. Asubuhi ilianza kwa harufu ya iliki, maana Kukhu alikuwa mtu wa mandazi, na aliyakaanga huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kuamsha ploti nzima. Kazi yangu ilikuwa kupanga mitungi kwenye foleni ya bomba, kuosha sufuria kwa jivu, kisha kumpelekea jirani yetu chai yake. Jirani huyo alikuwa fundi viatu, Mkamba wa Kitui, mtu mpole ambaye hakugusa kiatu cha mtu kabla hajala. Tulipakana naye ukuta. Akikohoa, Kukhu alimpa pole kutoka huku kwetu.

Jumamosi tulikuwa huru, na uhuru wetu tuliupeleka Kianda, kwenye ukumbi wa kanisa ambako mwalimu wa kompyuta alitufundisha bure. Alikuwa kijana mwembamba mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Mashine zilikuwa kuukuu, za kugombaniwa na watoto watatu watatu, na stima ikipotea tulipiga kelele kana kwamba tumeibiwa. Alitueleza kwamba ukurasa wa mtandao una kichwa na una mwili, na kwamba ukifungua kitu lazima ukifunge. "Umefungua mwili, mbona hujafunga?" alikuwa akitupigia kelele. "Funga mwili, wewe!"

Mimi nikawa nakariri nyumbani nikiosha vyombo. Mwili umefunguliwa. Mwili haujafungwa. Nawe unajua kwetu Nairobi mwili ni nini: ni marehemu anayesubiri gari la kumpeleka kwao. Kukhu alinisikiliza wiki nzima. Jumamosi iliyofuata, tukiwa katikati ya somo, mlango wa ukumbi ukafunguliwa akaingia yeye na akina mama wenzake wa kanisani, vitambaa vichwani, nyuso zimeinama.

"Mwalimu, pole sana," akasema. "Tumeskia kuna mwili huku na haujafungwa. Shida ni sanduku ama ni gari?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipopata pumzi aliwavutia viti, akawaonyesha ukurasa wenyewe kwenye kioo, kichwa chake na mwili wake, na akina mama wakacheka wakapanguza macho. Kukhu hakucheka sana. Alisogea karibu na kioo akauliza, "Na hii, mtu akiwa Juba, anaona?"

Mwalimu akamwambia ndiyo, popote duniani, mtu akiandika tu jina lake, mradi jina hilo liwe humu, ukurasa utamtokea.

Hapo ndipo blogu ilipozaliwa. Juba ndiko alikokuwa mjomba wangu, kitinda mimba wa Kukhu, aliyekwenda huko kuchomelea mageti na madirisha. Mwanzoni alipiga simu kila mwisho wa mwezi akiuliza kama paa bado linavuja. Kisha simu ikawa mteja. Tukipiga tulisikia yule mwanamke wa kwenye mashine akituambia hapatikani, na Kukhu alimjibu, "Asante, mama," kila mara, kana kwamba adabu ingemlainisha.

Tuliijenga Jumamosi kwa Jumamosi. Mwalimu alinionyesha pa kuandika rangi, na Kukhu akachagua samawati, rangi ya mlango wetu, ili mjomba akiona ajue ni kwetu. Njano ilikuwa yangu, nisimsingizie. Mwalimu alinionyesha pia jinsi ya kukuza herufi, akanifundisha kitu kilichotutoa wazimu sisi watoto wote: neno moja, marquee, ambalo tulilitamka makii. Ukiliandika mbele ya sentensi ndani ya vile vialama vyenye ncha, kisha ukalirudia nyuma yake na mkwaju, yaani kile kistari kilichoinama, sentensi inaanza kutembea. Siku ya kwanza nilisahau mkwaju. Ukurasa mzima ukatembea, hata picha ya Kukhu ikapita na kitambaa chake ikaishia ukingoni mwa kioo. "Nirudishe!" akapiga kelele. "Kijana atafikiria nimehama!"

Nikaweka mkwaju. Picha ikatulia, maneno peke yake yakabaki safarini. Kukhu aliyasema, mimi nikayaandika, chini ya jina lote la mjomba kama lilivyo kwenye cheti chake cha ubatizo: TUKO PALE PALE LAINI SABA. SHUKA KWA RELI, PITA KIBANDA YA MAKAA, ULIZA BOMBA YA KONA, MLANGO NI BLUU. CHAKULA IKO. MAMA.

Mwalimu akauliza namba ya simu ya kusajilia. Simu yetu ilikuwa imekufa betri, kwa hiyo tukaweka ya fundi viatu, ambaye alifurahi mno, akatangazia wateja wake kwamba sasa naye yuko kwenye mtandao.

Miaka ikaenda. Mwalimu alipata kazi mbali na ukumbi ukafungwa. Fundi viatu magoti yalimshinda akarudi Kitui. Halafu barabara ikaletwa. Tuliambiwa tutoe vitu, tukatoa, na trekta ikala mlango wetu pamoja na ukuta wa jirani na bomba ya kona. Nimeshasimama pale, nikajaribu kukisia Kukhu alikuwa akikaangia wapi, nikashindwa. Kila alama tuliyompa mjomba sasa ni lami.

Na yale maneno bado yanatembea. Tuko pale pale, yanasema.

Neno la siri nalikumbuka, hilo lisikusumbue. Lakini siku hizi halitoshi. Ukiliandika wanatuma namba za kuthibitisha kwa ile laini ya fundi. Yeye aliiacha kitambo, kampuni ikampa mtu mwingine. Nikapiga. Akapokea mama mmoja, sauti nzuri kabisa. Nikamsalimu, nikajieleza taratibu, nikamwomba anisomee namba zitakazoingia kwake.

"Code?" akasema. "Nikusomee code? Nyinyi matapeli wa jela hamchoki?"

"Mama, mimi si mwizi. Ni blogu ya nyanya yangu."

"Sasa umeleta mpaka nyanya! Tafuta mjinga mwingine."

Akanifungia simu, na siwezi kumkasirikia, maana hata mimi nimemfundisha Kukhu asimsomee mtu namba zozote. Nilimtuma mpaka dada mmoja wa kanisani aongee naye. Akamfungia pia. Nilifungua blogu mpya yenye anwani ya Kawangware, nzuri, imetulia, haina njano. Ukiandika jina la mjomba inatokea ile ya zamani. Hii mpya hata mimi mwenyewe huwa naitafuta nisiione. Niliandikia wenye mtandao, wakanijibu kwa adabu kwamba nithibitishe kwa namba ya simu iliyosajiliwa.

Nikabakiwa na njia moja. Chini ya ukurasa kuna mahali pa msomaji kuacha maoni, na hapo huhitaji kuwa mwenye blogu. Nikaandika: Mjomba, tumehamia Kawangware, piga namba hii. Nikabonyeza. Yakanijia maneno madogo ya kijivu kwamba maoni yangu yamepokelewa na yanasubiri mwenye blogu ayakubali.

Sikujua hata kama kuna mpangilio kama huo. Labda mwalimu aliuweka kutukinga na matusi ya watu. Mwenye blogu ni mimi. Nilikaa nikiangalia simu, na sikuwahi kujiona mdogo namna ile.

Basi Jumapili hiyo iliyopita, viazi vikiwa jikoni, nilichoka kusema bado. Nikamweleza Kukhu yote, yule mama na namba zake, na ule ujumbe wangu uliokwama. Alisikiliza akifuta mikono kwenye leso yake.

"Sasa, yeye pia akiandika hapo," akasema, "anaambiwa asubiri?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na hatuwezi kuona kama ameandika?"

"Hatuwezi."

"Anaambiwa asubiri nani?"

"Mimi, Kukhu."