Mtutu wa Askari Njogu

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha pale Nyeri, Sajini wa Ghala alinipa bunduki kuukuu, akavuta nyuma bolti, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, akaingiza kidole chake kidogo mahali pa risasi kuhakikisha hamna kitu, kisha akaniambia nihakikishe na mimi. Nilipomaliza akaniamuru niweke ukucha wa kidole gumba pale pale, nigeukie dirisha, nichungulie kutoka upande wa mdomo wa mtutu.

"Unaona nini?"

"Naona giza, Sajini."

"Inamisha kidole. Ukucha ushike mwangaza. Sasa?"

Ukucha wangu ukang'aa mle ndani kama taa ndogo, na mtutu mzima ukafunguka machoni pangu. Nikaona mifereji myembamba iliyochongwa kwenye chuma, ikizunguka kutoka mwanzo hadi mwisho kama kamba iliyosokotwa.

"Hiyo mifereji ndiyo inazungusha risasi, ndio iende moja kwa moja," akasema. "Uchafu ikikaa hapo, unalenga nyati, unapiga mtu. Sasa wewe kazi yako ni hiyo shimo. Mambo ingine waachie wengine."

Sajini alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mwenye masikio mazito kwa sababu ya mizinga ya vita vya Burma. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Idara yetu ya wanyamapori ilikuwa na askari waliokaa kwenye vituo vidogo ukingoni mwa msitu, kuzunguka mlima, kuzuia tembo na nyati wasiingie mashambani. Bunduki zao zililetwa kwetu kwa zamu, zikasafishwa na kukaguliwa, zikarudi.

Vijana wanaoniuliza habari za kazi ile hudhani kusafisha mtutu ni kupaka mafuta tu. Mafuta yalikuwa ya mwisho. Risasi za wakati ule, zikishafyatuliwa, ziliacha ndani ya chuma chumvi isiyoonekana, na chumvi huita maji. Kwa ukungu wa huku kwetu, bunduki iliyopigwa asubuhi ilikuwa na kutu kesho yake. Mafuta hayaondoi chumvi. Huifunika tu, kama mtu anayetandika kitanda juu ya kunguni. Kwa hiyo tulianza na maji yanayochemka. Tuliyamimina kwa faneli kutoka upande wa nyuma, yakatokea mdomoni meusi, tukaendelea mpaka yatoke meupe. Mtutu ukiwa moto hujikausha wenyewe. Hapo ndipo tulipoingiza kamba.

Ilikuwa kamba nyembamba yenye kipande cha shaba mwisho mmoja na vitanzi mwisho wa pili. Kwenye kitanzi ulitia kitambaa cha pamba kilichokatwa kwa kipimo, inchi nne kwa mbili. Shaba iliteremka yenyewe kutoka nyuma hadi mdomoni, kisha ukavuta kwa mkupuo mmoja, bila kusimama, na kwa mkono ulionyooka. Ukivuta kwa pembe, kamba husugua ukingo wa mdomo, na baada ya miaka hukata alama pale. Mtutu wa namna hiyo haulengi tena. Sajini alinisimamisha nyuma ya bunduki wiki tatu nikivuta kamba tu, yeye akitazama mkono wangu.

"Wewe unavuta kama mtu anakamua ng'ombe," alisema. "Nyoosha mkono."

Nilinyoosha. Mwaka wa pili nilipelekwa Karatina, ambako tulikuwa na ghala dogo nyuma ya soko, kisha Kerugoya, kisha nikarudishwa Nyeri nikiwa fundi msaidizi. Wakuu walikuja na kuondoka. Kulikuwa na Mkuu wa Kituo chetu cha Nyeri aliyependa viatu ving'ae kuliko bunduki. Akaja mwingine, mtu mpole kutoka Meru, aliyepita mwenyewe kati ya safu za silaha huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Huyu wa Meru ndiye aliyekuwepo mwaka nitakaosimulia sasa, na Sajini alikuwa amebakiza miezi tu astaafu. Kila mtu alijua nafasi yake ingekuwa yangu.

Zilikuwa mvua ndefu. Bunduki zililetwa nyingi kwa pamoja, na vile vitambaa vya kipimo vilikuwa vimetuishia. Tuliandika barua, hatukujibiwa. Nikachukua shati langu kuukuu la kazi, la kijani, nikalikatakata. Kitambaa chake kilikuwa kizito kuliko cha pamba. Nilijua. Nikajiambia nitakata vipande vidogo kidogo.

Bunduki ya askari mmoja aitwaye Njogu, kijana wa Kutus aliyekuwa kwenye kituo cha juu ya Kerugoya, nilikuwa nimeivuta nusu kitambaa kikakwama. Nikavuta tena, kitanzi kikakatika. Nikachukua ufito wa chuma tuliouweka kwa shida kama hizo, nikausukuma kutoka mdomoni, na kitambaa kikatokea nyuma. Kilitoka kimechanika. Nilikiona kimechanika, pembe moja haipo. Wakati huo huo karani akasimama mlangoni.

"Fundi, kuja haraka. Mkubwa kutoka Nairobi amefika, na Mkuu anataka wewe ndiye umwonyeshe ghala. Ati amesema wewe ndiye fundi bora mlima wote."

Nikapaka mafuta, nikafunga bolti, nikairudisha bunduki kwenye safu yake. Sikuchungulia. Nilinawa mikono nikaenda kusifiwa.

Siku nane baadaye, bunduki zikiwa zimesharudi vituoni, asubuhi nyati aliingia shamba la mahindi karibu na kituo cha Njogu na kumjeruhi mama mmoja mguuni. Njogu aliitwa. Alimkuta nyati kando ya ua, hatua thelathini hivi, akalenga, akafyatua. Mtutu ulipasuka mbele ya mkono wake. Ubao wa chini ya mtutu ulivunjika vipande, na kipande kimoja kikamwingia jicho la kushoto. Nyati alikimbilia msituni. Watu wakambeba Njogu kwa machela ya miti hadi barabarani.

Taarifa iliyotufikia Nyeri ilisema askari alikuwa mzembe: alipita shamba lenye matope bunduki imeelekea chini, matope yakaziba mtutu. Lilikuwa jambo la kuaminika. Lilishatokea kwingine. Adhabu yake ilijulikana: kufukuzwa kazi. Bunduki ikaletwa kwetu ili fundi aichunguze na kuandika ripoti. Fundi mwenyewe alikuwa mimi.

Nilikaa nayo mezani, mlango umefungwa, saa nne ya asubuhi. Mtutu ulikuwa umevimba katikati kama shingo ya mtu mwenye rovu, na juu ya uvimbe ulikuwa umechanika. Nikatia sindano ndefu kwenye ule ufa kutafuta udongo. Ilichotoa ni nyuzi zilizoungua. Nikazipeleka dirishani. Nyingi zilikuwa nyeusi, lakini chache zilibaki na rangi yake, na rangi ilikuwa kijani.

Nitawaambia ukweli wa nilichofikiri, kwa sababu mzee akificha hilo hana haja ya kusimulia. Nilifikiri: hakuna mwingine aliyeona. Nilifikiri juu ya watoto wangu watatu, na nyumba ya fundi mkuu yenye bati jipya. Nilifikiri kwamba jicho la Njogu limeshaharibika, na kweli yangu haitalirudisha. Nyuzi zilikuwa kwenye kiganja. Ningepuliza tu.

Kilichonizuia sikijui vizuri hata leo. Nadhani ni kwamba ripoti ilikuwa na mstari wa kujaza: "Kilichopatikana ndani ya mtutu." Mkono wangu ulikuwa umezoea kuandika kwenye mstari huo kile nilichokiona. Nilijaribu kuandika neno "matope" na sikuweza kulimaliza. Nikalikata, nikaandika "nyuzi za kijani".

Nikamwendea Sajini, aliyekuwa nje akinywa chai, nikafungua kiganja mbele yake. Alitazama nyuzi, akatazama kifua changu, ambako shati jipya lilikuwa la rangi ile ile.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, Sajini. Kitambaa ilikwama. Sikuchungulia."

Akaweka kikombe chini.

"Mimi sikukufundisha hivyo."

"La, Sajini."

"Basi enda kwa Mkuu saa hii. Usipitie nyumbani. Ukipita nyumbani utapata sababu."

Mkuu wa Kituo alisikiliza nimesimama. Hakuimba siku hiyo. Aliniuliza swali moja tu, kama kuna mtu aliyenilazimisha niseme. Nikamwambia hapana. Akachukua ripoti, akaisoma, akasema kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi, "Huyu kijana nilikuwa nimeshamwandikia barua ya kumfukuza. Iko hapa. Ilikuwa iende leo." Akaichana.

Jumapili nilikwenda hospitali. Njogu alikuwa kitandani, nusu ya uso imefungwa bendeji, na mama yake amekaa kwenye kiti akimmenyea ndizi. Nilijitambulisha. Nikasema yote, kama nilivyowaambia ninyi, na shati, na mkubwa wa Nairobi. Mama aliacha kumenya.

"Kwa hivyo si matope," Njogu akasema.

"Si matope."

"Niliwaambia. Niliwaambia nilikuwa nimebeba bunduki begani, mdomo juu. Hakuna mtu aliniamini. Hata huyu mama yangu aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa." Akageuza kichwa anione kwa jicho lililobaki. "Asante kwa kusema. Lakini jicho ni langu, Fundi. Usingoje nikuambie ni sawa."

"Singojei."

"Basi enda nyumbani."

Mama yake alinisindikiza hadi mlangoni. Alinipa mkono, akauondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Sikufukuzwa. Nilivuliwa ufundi, nikapelekwa Karatina kuwa mlinzi wa lango kwa miaka miwili. Nafasi ya Sajini ilichukuliwa na mtu aliyekuja baada yangu. Mke wangu alilipokea jambo hilo kwa utulivu zaidi kuliko mimi. Alisema afadhali mume wa langoni anayelala usingizi. Kusema kweli sikuwa nikilala, lakini sikumwambia.

Miaka hiyo miwili ilipokwisha, yule Mkuu wa Meru aliniita tena ghalani. Mafundi walikuwa wachache, akasema, na mtu aliyekwisha kuungua anaujua moto. Njogu naye alikuwa amerudishwa kazini, akapangiwa Nyeri, kwa kuwa alikuwa bado na jicho la kulengea. Siku ya kwanza alipofika dirishani kuchukua bunduki, nilimpa kama tulivyompa kila mtu, bolti imefungwa. Mila ilikuwa kwamba bunduki ikitoka kwa fundi haikaguliwi. Kufanya hivyo kulikuwa kumtukana.

Njogu alifungua bolti pale pale, askari kumi wakiwa nyuma yake. Akaweka ukucha. Akainua mtutu, akachungulia polepole kwa jicho lake moja, mwanzo hadi mwisho. Uso wangu uliwaka. Alipomaliza akafunga, akasema, "Safi," akaondoka.

Alifanya hivyo kila siku aliyopokea silaha kutoka kwangu. Mwezi wa pili, askari aliyemfuata naye akachungulia. Kisha askari wa tatu. Mimi nikaanza kutoa bunduki bolti ikiwa wazi, ili wasisumbuke. Mkuu alipoona akaifanya amri, na Mkuu aliyefuata akaikuta ikiwa desturi, akadhani imekuwepo tangu wakati wa wakoloni. Katika miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, hakuna mtutu mwingine wa ghala letu uliopasuka. Sidai sifa ya jambo hilo. Lilianza na mtu aliyekataa kuniamini, akalifanya mbele ya watu bila kunitukana hata mara moja.

Nilistaafu nikiwa fundi mkuu, na sasa naishi Skuta, pale Nyeri, karibu na binti yangu. Mikono yangu bado hunyooka ninapovuta kamba ya kuanikia nguo. Watu hupenda kuniuliza kama niliogopa bunduki. Sikuziogopa. Niliogopa siku ambazo nilijua kazi vizuri mno, kwa kuwa mtu asiyejua huchungulia mara tatu.

Njogu alistaafu kabla yangu, akarudi kulima nyanya Kutus, na siku za soko huzipeleka Karatina. Mwezi uliopita nilikuwa huko kununua mbegu za viazi, akaniona, akaniita nimsaidie kushusha kreti. Tulikuwa tumeshika kila mmoja upande wake, wazee wawili tunahema, mama mmoja mnunuzi alipomtazama usoni akamuuliza bila haya, kama watu wa soko wanavyouliza:

"Mzee, hiyo jicho ilifanywa na nini?"

"Ajali ya kazi," Njogu akasema.

"Ni mimi nilifanya," nikasema.

Yule mama akacheka. Alidhani ni utani wa marafiki. Njogu hakucheka, wala hakunikatiza. Tuliweka kreti chini, akachagua nyanya nne zilizoiva vizuri, akazigeuza moja moja mkononi kutazama kama zina doa, akanipa.

"Peleka kwa mama watoto," akasema. "Na wiki ijayo ukija, kuja mapema. Hizi kreti si za mtu mmoja."