Jina Moja, Samansi Moja

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mwanangu anaitwa jina la baba yangu, na alipopata mtoto akampa jina langu. Basi mjukuu akawa mimi kabisa, jina la kwanza hadi la mwisho. Tulikuwa tukilichekea jambo hilo, mpaka likatupeleka kortini Kajiado.

Mjukuu amepanga nyumba Rongai, lakini alinunua ploti hapa Kitengela ninakoishi, akaanza kujenga. Nyumba ilikuwa imefika kwenye paa pale mtu mwingine alipodai ploti ni yake, akamshtaki. Mpeleka samansi, ile hati ya kumwita mtu kortini, alikuwa na jina tu. Aliuliza madukani, akaelekezwa kwangu.

Alinikuta nikipalilia sukuma wiki. Akaniamkia vizuri, akauliza kama mimi ndiye fulani wa fulani. Nikakubali. Akauliza tena, labda kwa sababu ya mvi. Nikamwambia jina hilo nimekuwa nalo kabla hajazaliwa. Akacheka, akanionyesha pa kutia sahihi.

Nimefika kidato cha nne. Kiingereza cha zile karatasi kisingenishinda. Sikuzisoma. Zamani niliwahi kugombania mpaka na jirani, nikadhani ameufufua ugomvi wetu, na sikutaka watoto wajue. Nikazifungia kwenye sanduku la nguo nikiomba mambo yapite. Hilo ni kosa langu na sina wa kugawana naye.

Kesi ikasikizwa na kuhukumiwa upande mmoja, mjukuu hayupo. Mjukuu alipata habari siku alipokuta amri ya korti imebandikwa kwenye mlango wa nyumba aliyokuwa akijenga: aondoke, na jengo libomolewe. Alipokuja kuniuliza kama nimesikia lolote, nilifungua sanduku.

Hakupandisha sauti. Alizikunja zile karatasi, akasema, "Guka," yaani babu kwa lugha yetu, "kataa tu. Sema hiyo sahihi si yako. Jina ni letu wawili, nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Na yule aliyezileta hakudanganya. Siwezi kumfanya mwongo ili nifiche ujinga wangu."

Tukaomba korti iondoe ile hukumu. Wakili wa mjukuu alitueleza hatari ilipo: sheria inaruhusu karatasi kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi na mshtakiwa. Ikionekana tunaishi pamoja, sahihi yangu itahesabiwa kama yake, na nyumba itaanguka.

Siku ya kusikizwa, mpeleka samansi aliapa kuwa alimpa mshtakiwa mwenyewe. Hakimu akamwambia amwonyeshe. Akaangaza macho, akaninyooshea mimi kidole. Mjukuu wangu alikuwa ameketi kando yangu.

Nikaitwa. Wakili wa upande wa pili alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Akauliza, "Mzee, huyu mjukuu akija kwako, huja kama mgeni?"

"Mjukuu si mgeni kwa babu yake," nikajibu. "Pale ni kwake."

Akatabasamu na kuanza kuketi. Hapo ndipo nilipoelewa amenipeleka wapi. Nikamwomba hakimu ruhusa ya kumaliza jibu langu.

"Ni kwake, lakini hakai pale. Kitanda chake kiko Rongai na mke wake yuko Rongai. Kwangu huja Krismasi, na siku akikumbuka kuniletea sukari."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, akaniuliza kwa nini sikumpa karatasi zake.

"Niliogopa, nikazificha nikidhani ni zangu. Hakuambiwa na mtu yeyote. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi, si nyumba yake."

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Hakimu alisema samansi haikumfikia anayeshtakiwa, akaiondoa hukumu, akampa mjukuu nafasi ya kuleta utetezi. Ploti bado haijaamuliwa ni ya nani, lakini nyumba haitaguswa mpaka naye asikizwe.

Tulipotoka nje, mjukuu aliniambia, "Ungeniambia tu, Guka."

Sasa ananiambia nisijichoshe kwenda Kajiado, kwamba kazi iliyobaki ni ya wakili. Nimemwambia nitakwenda. Kila kesi ikitajwa nitakuwa pale nimeketi, na nikiulizwa tena nitasema yale yale.